Sifuri ya namba 14

Jana jioni binti yangu aliniwekea daftari mezani, kalamu juu yake, ili nisaini. Dikte, yaani imla: 0/10, kwa wino mwekundu, mviringo umekazwa hadi karatasi imeingia ndani. Nikaanza kupandisha sauti. Alingoja nimalize, kisha akasema:

"Papa, siku ile mulinibakisha nyumbani juu ya malaria. Kama mutu hakukuwa, ile ni zero ao ni hapana kitu?"

Nilimwambia ale kwanza. Sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikapoa mbele yangu, na mimi nikajikuta Cimpunda, mtaa wa Kadutu hapa Bukavu, Oktoba 2019, mvua inapiga manjanja, mabati ya paa, tableti isiyo yangu iko mapajani.

Mwaka ule mnaukumbuka. Septemba shule za msingi za serikali zilifunguliwa bila mzazi kudaiwa ile primu, pesa ya kuwalipa walimu, jambo ambalo Katiba ya Kongo ya 2006 ililiandika kifungu cha 43 na likalala humo miaka 13. Watoto walimiminika. Benchi la watu watatu likabeba sita. Mimi nilikuwa L2, mwaka wa mwisho chuoni, memoire, andiko la kumalizia masomo, imekwama, kodi ya chumba ina miezi miwili, pale CT mmoja (chef de travaux, mhadhiri msaidizi wa chuo) alipotangaza anatafuta vijana wa ankete, wa kukusanya data. Chuo kilikuwa kimeombwa kupima programu ya kusoma. Shirika moja lilikuwa linawafunza walimu namna ya kufundisha herufi na kuwapa vitabu. Sisi tulitakiwa kujua kama watoto wao watasoma kuliko ambavyo wangesoma hata bila shirika. Shule zikapigiwa kura ya bahati nasibu. Nusu zikapata programu, nusu zikawa za kulinganisha. Mtawapima wote mwanzo wa mwaka, alisema CT, mtawapima wote mwisho, halafu tutaangalia nani amepanda zaidi ya nani.

Niliipenda hesabu ile. Ninaipenda mpaka leo, na ninasema mapema kwa sababu atakayesoma mbele atadhani ninaidharau. Bukavu hii kila mradi una picha za watoto wanaocheka. Mtoto wa Kadutu ukimwonyesha kamera atacheka tu, uwe umemfundisha kitu au hukumfundisha.

Mafunzo yalikuwa wiki moja. Tulijipima wenyewe kwa wenyewe: mmoja anacheza mtoto, wawili wanamwekea alama, na wale wawili lazima wakubaliane karibu kila herufi. Mimi nilisifiwa kama mtoto. Nilijua kukosea vizuri.

Shule yenyewe siitaji jina. Ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo pikipiki inakuacha katikati ya mlima na kukuambia malizia kwa miguu. Mwaka wa tatu A, majina 112 kwenye orodha ya mwalimu. Kanuni ilikuwa kuchukua kila jina la sita, ili nisichague wale wenye sare safi, na ili mwalimu naye asinichagulie. Jina la 84 likawa mtoto wangu wa 14. Jina hilo sikuliandika popote. Ilikatazwa, na kwa haki: mtoto asije akafuatwa na alama zake. Kwenye tableti aliitwa 14.

Chumba hakikuwepo, hivyo nilikaa naye barazani, benchi letu likigusa ukuta, maji ya paa yakianguka hatua moja mbele ya magoti yetu. Nilimsomea maneno niliyopewa, kama yalivyo: huu si mtihani, mwalimu hataona, ukitaka kuacha sema tu. Alitikisa kichwa kukubali. Nimekaa na kichwa kile miaka yote hii. Mtoto wa miaka minane, tisa hivi, mbele yake mwanamume ana beji shingoni na direkteri amesimama mlangoni anatabasamu. Angesema hataki kwa mdomo gani?

Ukurasa ulikuwa na herufi 100, mistari kumi ya herufi kumi. Dakika moja.

"Anza."

Aliweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Kucha zake zilikuwa za kijani, kijani cha kutwanga sombe, ninajua kwa sababu dada zangu walikuwa nazo hivyo. Kidole kikakaa pale. Kanuni: sekunde tatu za kimya, unamwonyesha herufi inayofuata. Nikaonyesha. Kidole kikahama, kikakaa. Midomo ilikuwa inatikisika. Ninaapa ilitikisika. Lakini mvua ilikuwa imeongezeka, na kanuni nyingine ilisema usichokisikia si jibu. Niliinamisha kichwa hadi karibu na mdomo wake, naye akarudi nyuma kidogo, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba nimefanya kosa, kwa sababu midomo ikafunga. Sekunde tatu. Herufi ya tano. Sekunde tatu. Ya sita. Ilikuwa kama kumpandisha mtu ngazi ambaye miguu yake imefungwa, na kila ngazi ninamwambia kwa upole, sawa, twende. Baada ya herufi kumi bila jibu tableti ililia yenyewe, ikafunga ukurasa, ikaandika 0. Hadithi fupi ya Kiswahili iliyofuata ilikwenda hivyo hivyo. 0. Mlio. Maswali ya kuelewa hayakufunguka hata kidogo, kwa maana asiyesoma ataulizwa nini?

"Aksanti, umefanya vizuri," nikamwambia. Hayo nayo yalikuwa kwenye karatasi yangu, ya kuambiwa kila mtoto. Nikampa krayo, penseli ya zawadi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaondoka mbio.

Mapumziko yalipigwa, mvua ikapunguka. Mama mmoja wa karanga alikuwa amekaa chini ya ukuta na beseni lake, karanga zimefungwa kwenye vijaluba vya karatasi. Nilikuwa ninatafuta mtandao nitume data, mkono juu kama mtu anayeomba mvua ikatike, niliposikia sauti nyuma ya kona:

"Je, kaya yenu ina redio? Ndiyo. Hapana. Hajui."

Nilidhani ni mwenzangu. Nikachungulia. Alikuwa 14, amechuchumaa na kaka yake mdogo, karanga zote zimehamia kwenye shati la yule mdogo, na karatasi ya karanga imenyooshwa juu ya goti. Ilikuwa ukurasa wa ankete. Si yetu, ya watu wengine, ya zamani, mafuta yameifanya ipitishe mwanga. Karatasi za ankete katika mji huu ni nyingi kuliko magazeti. Mahali pengine karanga zinafungwa kwa habari za michezo.

"Kaya njo nini?" mdogo akauliza, kinywa kimejaa.

"Njo kwetu. Jibu."

"Redio iko, lakini mabuye ilikufa," yaani betri.

Alifikiri kidogo. Akachukua krayo yangu ile, akaweka alama.

"Je, kaya yenu ina ng'ombe wangapi?"

Mdogo akacheka hadi karanga zikamwagika. "Ng'ombe! Atalala wapi?"

"Usiposema ninaandika 'Hapendi kujibu'," akamtisha, na kuyasoma maneno hayo mawili polepole, kidole chini yake, "Ha-pendi ku-jibu." Akaandika.

Nilisimama pale na namuona anafanya kazi yangu, tena kwa adabu zaidi. Neno "kaya" halisemwi nyumbani kwao wala kwangu. Alilikamata kutokana na sentensi nzima. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta kwa tableti. Nami nilikuwa nimekwisha kumwandikia 0.

Jioni nilimweleza CT. Si mtu mbaya, alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hatuwezi kumpima tena, ameshauona ukurasa. Na tukianza kurudia watoto waliotugusa moyo, kila jina la sita halina maana tena. Halafu akaniambia lile ambalo lilinituliza hadi kituo cha taksi: aibu ipo shule zote, za programu na za kulinganisha. Sifuri za uongo zitakuwa pande zote mbili, na ukitoa hii kwa ile zinamezana.

Ndani ya taksi, Feu Rouge, msongamano, nikageuza lile jambo upande wa pili. Shule za programu zitatembelewa mwaka mzima na watu wenye beji. Wakufunzi, wapiga picha, wafadhili. Mtoto wa huko mwezi wa sita atakuwa amewazoea. Atafungua mdomo. Tutaandika kwamba amefundishwa kusoma, kumbe amefundishwa kutotuogopa. Yule wa shule ya kulinganisha, ambaye hakuna aliyemtembelea, atatuona kwa mara ya pili tu maishani, na atafunga mdomo tena. Hapo hazimezani. Nilimpigia CT papo hapo, krediti ikiishia. Alinyamaza, kisha akasema: "Hiyo iandike kwenye memoire yako."

Sikuiandika. Memoire yangu ilikuwa juu ya jambo lingine kabisa, na nilipata distinksioni, asante. Pesa ya ankete ililipwa nusu kwanza, nusu baadaye sana. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa ajili ya korona, na kipimo cha mwisho wa mwaka hakikufanyika. Kwa hiyo hakuna anayejua kama programu ile ilifanya kazi. Mimi ninayo nakala ya data za shule nilizozipima, kwenye flashi ambayo ilipaswa kufutwa.

Jana usiku, binti anakula, niliifungua. Mstari wa 14: 0, 0, halafu nafasi tupu. Siku ile, kabla ya kutoka pale shuleni, nilikuwa nimerudi kwenye sehemu ya maoni na kuandika neno moja: Anasoma. Safu ya maoni haipo. Mtu alisafisha data, na maoni hayajumlishwi.

Nilirudi mezani. Daftari bado lilikuwa wazi. Nilisaini, na kando ya ile duara nyekundu, kwa herufi ndogo, nikaandika: hakuwapo. Binti akasogea, akalisoma kwa sauti bila kukwama, kisha akaniangalia kwa huruma kidogo.

"Papa, mwalimu atasema ni mimi niliandika."