Nishikie Hapa

Mbalamwezi ikiiva, Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hupumzika. Dagaa hawafuati taa usiku wenye mwanga, kwa hiyo vipe, mashua za kuvulia dagaa, vinatia nanga na wavuvi wanashinda mwaloni wakishona nyavu na kucheza bao. Hizo ndizo siku tunazokwenda kuigiza.

Tuko sita kwenye kikundi na hatuna maandishi. Tunakubaliana mtu mmoja na shida yake, tunaigiza mpaka pale mambo yanapokwama, kisha mimi, ambaye wenzangu wananiita mchokozi, nasimamisha mchezo na kuwauliza watu: wewe ungefanyaje? Mwenye jibu halisemi akiwa amekaa. Anaingia katikati, anachukua nafasi ya mwigizaji mmoja, na yule anayebaki inabidi amjibu papo hapo. Njia hii aliikuza Augusto Boal wa Brazili miaka ya 1970. Hapa nchini, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, Mwanza, 1982 na 1983, wakaigiza na wanakijiji shida za wanakijiji wenyewe.

Mwanzoni tulikosea vibaya. Tulitaka kuzungumzia afya ya akili, tukamvalisha mwenzetu matambara, akapita akijisemesha. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Pembeni alikuwepo mama mmoja na kijana wake mkubwa, amemshika mkono kama mtoto. Hakusema neno. Alimgeuza taratibu wakaondoka, na mimi niliwaona mpaka walipopotea nyuma ya chanja za dagaa. Tangu siku hiyo hatuigizi kichaa. Tunaigiza mtu anayeamka asubuhi, anasalimia, anakwenda kazini, na ndani ameungua.

Hata neno tulibadilisha. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni neno zuri, lakini mwaloni watu husema "ana mawazo", na ukisema hivyo kila mtu anajua unasema nini.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, tuliigiza baba mvuvi aliyelala mkekani ameupa ukuta uso. Hali chakula vizuri, usiku macho makavu. Mke anamwambia, "Amka baba, mwanaume hana mawazo!" Hapo nikasimamisha.

Wanaume watatu waliingia kwa zamu, wote kwa nasaha. Mmoja alimwambia aswali, mwingine akatafute kibarua mjini, wa tatu alimkaripia kabisa. Mwenzetu aliyeigiza baba hakugeuka, na alifanya vyema, maana hakuna aliyempa sababu ya kugeuka.

Kisha akainuka bibi mmoja mwanika dagaa, kanga imefungwa kiunoni. Akachukua nafasi ya mke. Hakumwambia amka. Aliokota kipande cha wavu kilichokuwa karibu, akaketi naye mkekani, akamsogezea ncha: "Baba, nishikie hapa."

Mwenzetu akageuka, akashika. Bibi akashona kimya, tundu moja, la pili. Mzee mmoja kati ya watazamaji akashindwa kuvumilia: "Fundo hilo litafunguka, vuta zaidi!" Bibi akavuta. Ndipo baba akasema, bila mtu kumwuliza, "Nilikuwa nafikiria kuingia ziwani nisirudi."

Hatukuwa tumepanga maneno hayo. Bibi hakuacha kushona. Akamwuliza, "Tangu lini?"

Nimeona mafunzo mengi ya ukumbini, na sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa kwa sauti ile. Watu wetu wengi huficha jambo hili kwa aibu, na pia kwa hofu, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kimelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mtu anayeogopa polisi atamwambia nani?

Siku zote tunakwenda na muuguzi, naye hukaa chini ya mwembe mchezo ukiisha, bila meza wala daftari. Siku ile alikuja mwanaume wa makamo, akachuchumaa.

"Yule baba wa mchezoni," alisema, "akienda hospitali, wanampa nini?"

Muuguzi akamweleza: ataongea na mtu, huenda akapewa dawa, atarudi tena. Alijibu habari za yule baba tu.

"Na watamwandika jina?"

"Wataandika kwenye faili lake, halisomwi mwaloni."

Akanyamaza. Muuguzi akajisogeza, akamwachia nafasi kivulini, naye akakaa.