Kilima Kilichonenepa

"Mama, mbona vidole vyangu vimegandana?"

Binti yangu alikuwa amenyoosha mkono mbele ya kamera ya joto, na kiganja chake kikaonekana kwenye skrini kama jani moja pana. Kamera ile ni ya aina nyingine kabisa, haihitaji hata kupozwa, lakini swali lake lilinirudisha kwenye chumba cha giza na kile kigunduzi changu cha mionzi ya joto.

Kilikuwa ukanda wa zebaki, kadimi na teluri, haufiki hata milimita moja kwa urefu. Mionzi ya infraredi ikiupiga, elektroni huachwa huru na matundu, yaani nafasi tupu zilikotoka, hubaki. Uga wa umeme huyasukuma matundu hadi mwisho wa ukanda, na taswira hupitishwa juu yake kwa kasi ileile, ili ishara ijilimbikize njiani. Miezi minane nilikuwa naandika modeli yake. Nililojivunia zaidi ni uhai wa matundu, yaani muda kabla elektroni hazijayajaza tena, maikrosekunde 2, kwa sababu kadiri yanavyoishi ndivyo ishara inavyopata nguvu.

Usiku ule nilimimina nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ilivuma, ikatokota, mvuke mweupe ukafurika mezani na kushuka hadi miguuni pangu. Nikasubiri itulie. Kisha nikapitisha taswira ya mwanya mwembamba wenye joto nyuma yake, na ishara yake ikachomoza kama kilima kwenye osiloskopu, kile chombo kinachochora ishara za umeme kwenye skrini. Nikakiwekea juu karatasi angavu niliyochorea kilima cha modeli. Vilele vilikutana. Mabega yalikataa. Kilima cha kweli kilikuwa kinene karibu maradufu, kikiteremka taratibu pande zote mbili. Nikasogeza lenzi mbele, nikairudisha nyuma, nikapima upya. Nikaishikilia ile karatasi mpaka mkono ukatetemeka.

Matundu hayaendi kwa safu kama askari. Yanasukumwa mbele huku yakitawanyika, kama tone la wino kwenye maji yanayotiririka. Kwa uhai ule hutawanyika maikromita 25 hivi, nami nilitaka kutenganisha nukta za 50. Kipengele cha mtawanyiko nilikuwa nimekifuta mapema kwenye mlinganyo wa modeli, nikikiona kidogo. Uhai mrefu niliouhangaikia ndio uliokuwa ukifuta kingo za picha.

Mlinganyo niliurekebisha kwa siku mbili. Mwalimu wangu akausoma, akasema, "Haya, sasa chagua." Ukiufupisha uhai, kingo zinakaza na ishara inazama kwenye kelele za umeme za kigunduzi. Nilichagua katikati, na mpaka leo sina hakika.

Binti nilimjibu kwamba kamera haioni nafasi ndogo hivyo. Akatanua vidole mpaka vikatetemeka, akaitazama tena skrini.