Salio la Desemba lilivyonidanganya

Natunza stoo ya mtambo wa kuchenjua dhahabu huku Chunya. Kila Januari bosi anataka taarifa ya kemikali za mwaka mzima, maana watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali wakija kukagua wataulizia rekodi.

Mwaka wa kwanza nilifanya kihasibu. Tarehe 31 Desemba nikahesabu: sianidi (sumu ya kuyeyushia dhahabu) mapipa 3, kostiki (magadi makali yanayounguza) mifuko 6, asidi madumu 4. Nikasaini, nikaenda zangu kulala.

Aliyenishtua ni kaka mmoja wa Mbeya mjini, afisa usalama. "Dogo, Septemba ulikuwa na mapipa mangapi?" Nikafungua leja. Mapipa 41. "Haya, moto ungewaka Septemba, hayo matatu yako yangemsaidia nini zimamoto?"

Akanieleza wanavyofanya Marekani. Sheria yao ya 1986, iliyokuja baada ya gesi kuua maelfu ya watu Bhopal, India, mwaka 1984, inataka taarifa kila mwaka, mwisho tarehe 1 Machi, na zimamoto wa eneo wapate nakala. Kinachoandikwa ni kiasi kikubwa kuliko vyote kilichowahi kuwepo siku moja, na kimekaa wapi. Kwa sianidi ya sodiamu, ukifikisha pauni 100 tu, kama kilo 45, unaripoti. Pipa letu moja ni kilo 50!

Nikarudia kazi kwa kadi za stoo, zinazoandikwa kila mzigo ukiingia na kutoka, kadi kwa kadi, siku tatu. Kadi nyingine chokaa imezila hadi tarehe hazisomeki. Hapo nilifukua delivari noti. Nilipochora ramani ya stoo ndipo mwili ukanisisimka. Asidi ya kuoshea kaboni (mkaa wa kunasia dhahabu), na sianidi, zimetenganishwa na bati tupu, na dumu moja limeshalowesha sakafu. Hivyo viwili vikikutana hutoka gesi ya sianidi, na hiyo haikupi muda wa kutafuta mlango. Asidi ilihama siku hiyohiyo, bosi mwenyewe akibeba.

Nyuma ya shelfu tukakuta dumu lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, limejaa kitu, halina lebo. Mmoja anasema kostiki, mwingine asidi, mlinzi anaapa ni mafuta ya taa. Tulifungue tunuse? Thubutu. Nimelitenga peke yake, na kwenye taarifa nikaandika: "Lita 20, haijulikani." Bosi hakuupenda huo mstari. Nimeuacha.