Nilivyochagua springi za Land Cruiser 80 baada ya kuijaza mavyuma

Gari yangu ni Land Cruiser 80, ile ya koili springi miguu yote minne na ekseli nzima mbele na nyuma. Naitumia Mbeya mjini siku za kawaida, na wageni wakija napanda nao Kitulo, nashuka Matema, mara moja moja naenda mpaka Ruaha kwa kupitia Iringa na Idodi. Kadiri miaka ilivyoenda nimeifunga bampa la chuma mbele na winchi yake, nyuma bampa lingine lenye mkono wa tairi la akiba, droo za vyombo, betri ya pili na hema juu ya keria. Matokeo yake kila mtu anayaona, ukipakia watu na mafuta na maji gari inakaa kitako, taa zinamulika vilele vya miti, na ukiingia shimo kidogo tu nyuma inagonga zile raba za kuzuia ekseli isipige bodi, gwaa!

Fundi wangu ni mzee wa Tukuyu, anaijua 80 kuliko mimi ninavyoijua nyumba yangu, yeye hakua na maneno mengi. "Mwanangu, funga zile nzito kabisa, hata ubebe tani haitakaa." Nikamwambia sawa mzee, ila naomba kwanza nijue gari ina kilo ngapi. Akacheka, akaniacha.

Kwenye maduka ya spea ukiulizia springi utaulizwa unataka kuinua inchi ngapi. Yani hakuna anayekuuliza gari ina uzito gani! Wakati springi ina mambo mawili tofauti kabisa, urefu wake ikiwa haijabeba kitu, na ugumu wake, yani inahitaji kilo ngapi ili ishuke milimita moja. Urefu ndo unaamua gari inasimama juu kiasi gani, ugumu unaamua inashuka kiasi gani ukiongeza mzigo na inarukaje njiani. Unaweza kupata ndefu laini na fupi ngumu, na zote mbili zikaiweka gari kimo kilekile siku haina mzigo.

Kwaiyo nikaenda kwenye mizani ya magari kwenye ghala moja la mpunga kule Igurusi, jamaa wakanielewa. Unapandisha tairi za mbele tu wanasoma, unapanda nzima wanasoma, unatoa. Gari ikiwa ya mjini, haina mtu wala mzigo ila mavyuma yote yapo, ekseli ya nyuma ilisoma kama kilo 1,150. Ya safari, imejaa mafuta, maji, watu wanne na mizigo yao, nyuma ikafika kilo 1,640. Sasa ekseli yenyewe na tairi zake springi haizibebi, ziko chini ya springi, hizo nikazikadiria kilo 250 nikazitoa. Zikabaki 900 na 1,390, gawanya kwa mbili, kila springi ya nyuma inabeba 450 siku ya kawaida na 695 siku ya safari. Tofauti ni kilo 245 kwa kila springi moja, sio mchezo.

Na hapo kuna kitu kinashangaza watu, chuma kinachoning'inia nje ya ekseli kinakua kizito kuliko uzito wake. 80 ina urefu wa milimita 2,850 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Ukifunga bampa na winchi ya kilo 100, na zenyewe ziko kama sentimita 80 mbele ya ekseli, ekseli ya mbele haipokei 100, inapokea karibu 128, na zile 28 zinatolewa nyuma, ni kama ubao wa bembea wa watoto ukimweka mnene mwishoni kabisa. Tairi la akiba nyuma nalo hivohivo. Ndo sababu sikutaka kujumlisha uzito kwa kusoma maboksi, mizani inamaliza ubishi.

Kujua ugumu wa springi zilizokuwepo nilitumia simenti. Nilipima kutoka katikati ya kikombe cha tairi mpaka ukingo wa bodi juu yake, nikapanga mifuko minne ya kilo 50 juu ya ekseli ya nyuma kabisa, nikaitikisa gari itulie, nikapima tena. Imeshuka milimita 35. Kilo 200, kila upande 100, gawanya kwa 35 unapata kama kilo 2.9 kwa milimita. Kilo 245 zikiongezeka springi hiyo inashuka milimita 86! Hamna haja ya kumlaumu mtu, gari ilikua inakaa kitako kihalali.

Sasa nichague ngapi. Hapa ndo nilikaa sana na kalamu, na hapa ndo sikukubaliana na mzee wangu. Kuna hesabu moja rahisi sana: chukua uzito unaobebwa na springi, gawanya kwa ugumu wake, unapata imelala milimita ngapi, alafu 15.8 gawanya kwa kipeuo cha pili cha hizo milimita, inakupa gari inapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Gari ya kawaida yenye starehe inakua kati ya 1 na 1.5. Springi za zamani zilikua 1.26 mjini, safarini 1.0, hiyo ni boti. Zile nzito za mzee, za kilo 5.5 kwa milimita, zingenipa 1.75 siku ya kawaida, hapo unamrusha mke wako na mayai yake kila tuta la Uyole. Nikajaribu kilo 4.3 kwenye karatasi: 1.54 mjini, 1.24 nikiwa nimejaa. Na angalia kushuka, kwa 4.3 zile kilo 245 zinaishusha milimita 57, kwa 5.5 zinaishusha 45. Yani ule ugumu wote wa ziada ninaouvumilia mwaka mzima unaniokolea milimita 12 tu siku za safari. Nikafunga daftari.

Kumbuka hesabu hii inakubali hivi kirahisi kwa sababu ya ekseli nzima. Jamaa yangu ana Prado, mbele springi imekaa katikati ya mkono unaoshika tairi, kule lazima uingize uwiano wa mkono mara mbili, kama springi inasogea milimita 6 tairi likisogea 10, ugumu unaofika kwenye tairi ni 0.6 mara 0.6, yani 0.36 tu ya ulioandikwa. Asichukue namba zangu akaenda nazo dukani.

Shida iliyofuata, springi nyingi zinazouzwa Gerezani kule Dar hazina hata namba ya ugumu, ina rangi tu na maneno mengi. Dawa ni kuipima yenyewe. Ugumu unapanda kwa unene wa waya mara nne (yani unene kwa unene kwa unene kwa unene), unashuka kwa upana wa duara mara tatu na kwa idadi ya mizunguko inayofanya kazi, ile ya mwisho iliyolala bapa usiihesabu. Waya 16, upana wa nje 146, ukitoa 16 duara la katikati ni 130, mizunguko 7 ya kazi, inakuja kama 4.3, ndo niliyokua naitafuta. Waya huohuo ukiwa 15 unashuka mpaka 3.3. Milimita moja tu! Kwaiyo nilimwambia kijana wa dukani kwa simu akwangue rangi kidogo kabla ya kupima, maana rangi nene ikikudanganya nusu milimita umeshakosea asilimia 13. Alinuna ila alikwangua, ndaga fijo, yani asante sana, popote alipo.

Akataka kunipa ndefu zaidi kwa inchi mbili "ili gari isimame". Nikakataa, na sababu ni hesabu tena: springi laini ya zamani ilikua imelala milimita 157 chini ya mzigo wa kawaida, hii ngumu inalala 105. Kwa urefu uleule wa kiwandani gari tayari imepanda milimita 52, hizo inchi mbili nimeshazipata bila kuziomba. Ningeongeza nyingine mbili ningeanza kuhangaika na mipira ya breki kuwa mifupi, shafti kukaa vibaya, ile rodi ya kushikilia ekseli kuivuta pembeni, na mbele usukani kuwa mwepesi na kutangatanga.

Mbele sikupata tabu, nilipima nikapanda daraja moja, basi.

Kuna njia za mkato nimeziona gereji na sizipendi. Kukata mzunguko mmoja kweli kunaongeza ugumu, mizunguko ikipungua springi inakaza, ila gari inashuka, sasa umesaidia nini. Kuchoma moto ndo kuua chuma kabisa. Zile raba za kuchomeka katikati ya mizunguko zinaufunga mzunguko usifanye kazi, wenzake wanateseka, na siku inakatika utakua kwenye zile kona za mlimani za Hamsini na Saba unatoka Matamba kwenda Chimala, na kule sio mahali pa kukatikiwa na kitu. Hiyo njia ndo inanikumbusha lingine, springi ngumu haiongezi uzito ambao kiwanda kimeruhusu. Breki ni zilezile, beringi zilezile. Gari kukaa vizuri isikudanganye ukaongeza gunia za viazi ukipita Isyonje.

Shokapu nilibadilisha pamoja. Springi ngumu inarudi juu kwa nguvu zaidi, shokapu ya zamani haiwezi kuishika, na kwenye vumbi la kwenda Ruaha, pale barabara ilipojikunja mawimbi mawimbi, mafuta yake yanachemka na gari inaanza kuelea. Niliomba zenye nguvu zaidi upande wa kurudi, sio upande wa kubonyea.

Siku ya kufunga mzee alikaza bushi zote, zile raba za kwenye maungio, gari ikiwa juu ya jeki, nikamuomba azilegeze tukaishusha ikae kwa uzito wake ndo akakaza tena, vinginevyo raba zinakaa zimejipinda muda wote na zinachanika mapema. Baada ya wiki kadhaa springi zikashuka milimita chache kama kawaida ya springi mpya, nikapima tena kila kona, nikarekebisha taa. Mzee bado anasema zile nzito zingekua bora.