Umeme ulipokatika Wete

Jana usiku nilikuwa naijaribu beta, yaani toleo la majaribio, ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata ya chanzo huria ambayo mizizi yake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Kwa kawaida beta ya kwanza hutoka Mei, toleo kamili Septemba au Oktoba. Katikati hapo ndipo sisi watumiaji tunapotakiwa tuisumbue.

Nikaisumbua kwa nakala ya data yetu ya mizani ya karafuu. Nakala tu, maana beta haikabidhiwi amana ya watu. Niko katikati ya kuingiza safu (mistari ya data) 10,000 ndani ya muamala mmoja, yaani kazi inayoingia yote au isiingie kabisa, pap, umeme huo umekwenda! Uliporudi niliiwasha kompyuta moyo unanidunda. PostgreSQL ikasoma logi yake, daftari lake la mabadiliko, ikajirekebisha. Miamala iliyokwisha kuthibitishwa ipo yote. Ule wa nusu, hata safu moja haikubaki. Wallahi nilifurahi.

Kosa nililolikuta lilikuwa kwenye skripti yetu wenyewe ya kuingizia data: jina la mahali, Ng'ombeni, lilikataa kuingia, kwa sababu kile kikoma cha juu (') kwenye SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ndicho kinachoonyesha maneno yanapoanzia na yanapoishia. Ndani ya jina lazima kiandikwe mara mbili. Leo nayapitia majina yote ya namna hiyo, Ng'ambo na Ng'ombeni zote.