Mvua Haikutoka Ziwani

Meli iling'oa nanga Goma saa nne asubuhi, Ziwa Kivu limetulia kama mafuta ndani ya karai. Nilijibanza juu ya magunia, jirani na mama mmoja aliyepeleka maharage Bukavu.

"Mama, leo hatunyeshewi," nikamwambia.

Akanyoosha kidole kulia, kwenye milima ya Kalehe. "Angalia kule, mwanangu. Wameshaanza kupika."

Saa sita kila mgongo wa mlima ulikuwa umejitwika wingu lake, jeupe, lenye vichwa kama mboga ya shufleri. Kushoto kisiwa cha Idjwi nacho kilivaa kofia. Lakini juu yetu, buluu tupu. Mimi niliyekulia hapa siku zote nilidhani mvua yetu inatoka ziwani!

Jua linachoma mteremko, na hewa inayougusa inapata joto kuliko ile ya kimo hichohicho juu ya maji. Inapanda, na inavyopanda inapoa, karibu nyuzi 1 kila mita 100, mpaka mvuke wake unageuka matone. Mvuke ukigeuka maji unatoa joto, nalo linazidi kulisukuma wingu juu. Ziwa halipati moto haraka. Hewa yake inatulia na kushuka, ndiyo maana sisi tuliungua na jua. Tena kutoka magharibi inakuja hewa yenye unyevu wa msitu wa Kongo, inakuta ukuta: kilele cha Kahuzi kina mita 3,308, ziwa liko mita 1,460 hivi. Pa kwenda ni juu tu.

Kule juu kabisa vipande vya barafu vinagongana, vinagawana chaji, na radi inazaliwa. Katika hesabu ya TRMM, setelaiti ya kupima mvua, iliyochapishwa 2016, Kabare, huku mashariki mwa Kongo, ilikuwa ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: miale kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka.

Saa tisa Kahuzi haikuonekana tena. Mwale wa kwanza ulipopiga nikahesabu: sekunde 18 hadi ngurumo, yaani kilomita 6. Uliofuata, 12. Kisha upepo wa baridi ukatushukia kutoka milimani, unanuka udongo uliolowa, na ziwa likaanza kuchemka. Vijana wa meli wakavuta turubai. Mama alikuwa ameshafunika maharage yake zamani, na kichwani amevaa mfuko wa plastiki.

Nilipofika 5 niliacha kuhesabu, nikaingia chini ya turubai.