Nilivyobadilisha Mipira ya Waipa Badala ya Kununua Waipa Nzima

Mvua za masika zilinikuta usiku kwenye Barabara ya Morogoro, kati ya Mbezi na Kibaha, nikiwa nyuma ya lori lililokuwa likinirushia maji ya tope. Waipa ya upande wangu ilikuwa ikipita na kuacha utepe wa maji wenye upana wa vidole viwili, mbele ya macho yangu kabisa, na kila taa ya gari lililotoka upande wa pili ilipogonga utepe ule, kioo kizima kiligeuka kuwa mng'ao mtupu. Niliingia kituo cha mafuta nikasubiri mvua ipungue, na hapo ndipo nilipoitazama waipa kwa makini kwa mara ya kwanza tangu ninunue lile gari, ambalo liliagizwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika.

Kwa mbali mpira ulionekana mzima. Nilipopitisha ukucha kwenye ukingo wake, niligundua kwamba ule ulimi mwembamba unaogusa kioo ulikuwa mgumu kama plastiki na ulikuwa umelala upande mmoja. Ulimi huo hutakiwa kupinduka kila waipa inapogeuza mwendo, ili wakati wote uburutwe nyuma ya mkono wa waipa. Ukishakauka, upande mmoja hufuta na upande mwingine husukumwa dhidi ya kioo, na ndiyo maana waipa yangu ilikuwa ikiruka na kupiga kelele inaporudi. Gari langu hushinda juani kutwa nzima mahali ninapofanyia kazi, na jua la Dar es Salaam halihitaji miaka mingi kumaliza mpira uliolazwa kwenye kioo cha moto.

Kesho yake nilikwenda Gerezani, Kariakoo, na duka la kwanza likanitolea jozi ya waipa mpya bila hata kutazama nilizokuja nazo. Kijana fundi aliyekuwa amesimama pale nje ndiye aliyeniokoa. Alizishika waipa zangu, akazikunja kidogo, akaniambia, "Mzee, usinunue hizo. Fremu yako haijalegea popote, kilichokufa ni mpira tu." Aliniongoza hadi duka lenye mipira mitupu, na gharama ya mipira miwili haikufika robo ya bei ya ile jozi.

Jambo ambalo nisingelijua bila yeye ni kwamba urefu peke yake hautoshi. Mipira iliyokuwepo dukani ilikuwa ya upana wa milimita 6 na wa milimita 8, na mtu akichukua mpana kwa fremu nyembamba, hautapita kwenye zile kucha za chuma zinazoushika. Akichukua mwembamba, utacheza na hatimaye kuchomoka. Wangu ulikuwa wa milimita 6. Kuhusu urefu, upande wa dereva ni inchi 22 na upande wa abiria ni inchi 14, kwa hiyo nilichukua mipira miwili ya inchi 26 ili nikate mwenyewe.

Nyumbani nilianza kwa kutandika taulo nene juu ya kioo, kwa sababu mkono wa waipa usio na waipa ukirudi kwa nguvu za springi yake, ncha ya chuma hupiga kioo moja kwa moja. Ulinirudia mara moja, na taulo ndiyo iliyopokea kipigo. Mpira wa zamani una ncha moja yenye vinundu viwili vilivyonaswa kwenye kucha ya mwisho. Nilivuta ncha hiyo kwa nguvu mpaka vinundu vikaachia, kisha mpira wote ukateleza nje ukiwa na vile vyuma viwili vyembamba vilivyolala pembeni mwake. Vyuma hivyo havitupwi kama mpira mpya umekuja bila vyuma. Vina pengo dogo kwenye ukingo, nalo ni lazima lielekee ndani, lishikane na mpira. Aidha, mpindo wa vyuma vyote viwili ufuate mzunguko wa kioo.

Mimi nilikigeuza chuma kimoja, pengo likatazama nje. Waipa ilifanya kazi vizuri kwa siku tatu, kisha asubuhi moja yenye manyunyu nikaona ncha ya mpira imening'inia nje ya fremu kama kamba ya kiatu. Niliurudia upya, safari hii nikiwa nimepaka maji ya sabuni kwenye mfereji wa mpira ili upite kwenye kucha bila kukwama, na sikuuacha mpaka niliposikia vinundu vikiingia mahali pake.

Kioo nacho kilihitaji kazi. Nilivaa mfuko wa nailoni mkononi nikakipapasa, na kikawa na chengachenga ambazo vidole vitupu havikuzihisi: moshi wa dizeli, utomvu wa mwembe na masalia ya nta ya waosha magari. Nilikisugua kwa sabuni ya vyombo, halafu kwa siki, nikasuuza kwa maji mengi. Tangu hapo, kila Jumamosi ninapoosha gari napitisha kitambaa chenye maji kwenye ulimi wa mpira mpaka kiache kutoka na weusi mwingi. Wapo wanaopaka dizeli au mafuta ya taa ili mpira "ulainike". Hulainika kweli, kwa siku chache, kwa kuwa mafuta hayo huuvimbisha mpira, kisha ukingo wake hupoteza unyoofu na kuanza kuchora mistari kwenye kioo.

Kipande nilichokata kwenye mpira wa abiria kilibaki na inchi 12, urefu uleule wa waipa ya nyuma, nikadhani nimepata mpira wa bure. Nilipojaribu kukifunga ndipo nilipokumbuka kwamba vinundu vya kunasia vilikuwa kwenye ile ncha nyingine, ambayo tayari ilikuwa imefungwa mbele. Waipa ya nyuma bado ina mpira wake wa zamani.